Pale Tando Mbili Zinapoungana

Mwaka 1983 watu wa Kuruwitu walianza kumwona mwanamke mgeni akishuka ufuoni kila maji yalipokupwa. Buibui amelikunja na kulifunga kiunoni kwa leso, miguuni ana raba kuukuu, mkononi ana ndoo. Hakuwa akiokota kombe, wala hakuwa akitafuta pweza. Aliwafuata wale viumbe wa mviringo, miiba mwili mzima, wanaojishikiza kwenye miamba, wale ambao kila mtoto wa pwani hufunzwa kuwaepuka kwa sababu mwiba wao ukiingia unyayoni hukatikia humo humo. Yeye aliwabandua kwa kijiko, taratibu, akawatia ndooni kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Jirani yake mmoja, Kanze, alishindwa kujizuia.

"Dada, hao kwenu wanaliwa?"

"Hawaliwi."

"Basi ni dawa?"

"Si dawa. Nataka mayai yao."

Kanze alirudi nyumbani akasimulia kwamba yule mwalimu wa kutoka Nairobi amekuja kufuga miiba. Jina hilo, Mwalimu wa Miiba, likamganda. Mimi mengi ya haya nilisimuliwa na Mueni, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo. Mengine nayajua kwa sababu Mwalimu wa Miiba ni wa kwetu, Mambrui.

Jina lake Mwanamina Farjallah. Baba yake, Fundi Farjallah, alikuwa mshonaji wa kanzu. Mkewe alifariki mabinti zake wawili wakiwa wadogo, naye akawalea Mwanamina na Tima kando ya cherehani, vipande vya kitambaa cha bafta vikiwa ndiyo godoro lao la mchana. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Ukija kuchukua kanzu, hakupi kwanza. Huigeuza nje ndani, akakuonyesha mshono. "Tazama upande ambao watu hawauoni," husema. Mwanamina akakua akitazama upande huo.

Alisoma Malindi, akasoma Mombasa, akafika chuo kikuu Nairobi, na kutoka huko akapelekwa Uingereza kusomea elimu ya seli. Fundi Farjallah hakujua seli ni nini, ila alimshonea koti zito, kwa kukisia tu, kwa maana hajapata kuona baridi.

Kilichomshika Mwanamina huko ni jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo mpaka tunakufa bila kulijua. Seli, hata iwe ndogo namna gani, haijatulia kama maji ya kisimani. Ndani yake mna misafara. Kitu kikishatengenezwa hufungwa ndani ya kifuko, kifuko husafirishwa mpaka ukingoni mwa seli, na pale ukingoni utando wa kifuko hugusana na utando wa seli. Zilikuwa mbili, zikawa moja. Mlango unafunguka, shehena inatoka nje, na seli haipasuki. Insulini hutoka hivyo kwenye kongosho. Neva huamrisha mkono hivyo hivyo. Kila siku, kwa kila mtu aliye hai, mara nyingi kuliko mawimbi yote aliyowahi kuyasikia.

Zinaunganaje? Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Tando hizo ni za mafuta, kila moja imejitosheleza, na haina haja ya kuchanganyika na mwenzake. Kitu gani basi huziambia, sasa?

Mwanamina akiwa bado Uingereza, Tima alimpelekea habari kwamba baba yao amepatikana na kisukari. Wakati huo alikuwa akichunguza makongosho ya panya. Alimwambia Mueni miaka baadaye kwamba siku ile aliinama kwenye hadubini kama kawaida, akaviona vile vifuko vya insulini vimepangana, akajikuta analia juu ya meza ya kazi, na watu wa maabara wakadhani ameungua kwa dawa.

Alirudi Kenya mwaka 1981 akapewa kazi ya kufundisha. Hadubini kubwa aliyoizoea haikuwepo. Wenzake walimshauri abadili somo, achukue jambo jepesi linalofaa nchi isiyo na vyombo. Yeye akalipindua shauri lile. Badala ya kutafuta chombo kikubwa zaidi, akatafuta seli kubwa zaidi, seli inayofanya kazi ile ile lakini kwa wingi na kwa mara moja, hata hadubini ya kawaida iweze kuiona. Aliijua kutoka vitabuni: yai la kiumbe wa miiba. Chini ya ngozi ya yai hilo vimejipanga vifuko kwa maelfu, vinangoja. Mbegu ya kwanza ya kiume ikishaingia, vyote hufunguka, na ngozi huinuka ili nyingine isiingie. Watu wa nchi za baridi walikuwa wakiwatafuta viumbe hao kwa taabu. Kwao Mwanamina walikuwa wakikanyagwa.

Basi akapanga nyumba ya mawe Kuruwitu, karibu na maji, akaweka jokofu, meza mbili na hadubini ya zamani yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua. Akamchukua Mueni, mwanafunzi wake wa shahada ya pili. Wazazi wa Mueni ni Wakamba waliotoka Machakos kufuata kazi ya mkonge Vipingo. Yeye alikulia pale pale, bahari ikionekana toka mlangoni kwao, na hakuwa amewahi kuingia maji ya kupita magoti.

Siku ya kwanza Mwanamina alimdunga kiumbe mmoja chumvi ya maabara kwa sindano, akampindua juu ya gilasi ya maji ya bahari. Muda si muda nyuzi za manjano zikaanza kushuka polepole, laini kama unga wa binzari. Ni mayai, mengi yasiyo na hesabu. Akadondosha tone la mayai hayo juu ya kigae cha kioo, akaliongezea tone dogo la mbegu za kiume kutoka kwa kiumbe mwingine, akasogea kando.

"Njoo. Usipepese."

Mueni akainama. Aliona duara, safi, limetulia, na pembezoni mwake vijidudu vyenye mikia vinagonga kama wageni wa harusi waliofungiwa nje. Halafu, upande mmoja wa duara, kitu kikainuka. Utando mwembamba, mweupe kama mvuke, ulijitenga na yai ukaenda ukizunguka, ukizunguka, mpaka ukakutana na mwanzo wake upande wa pili. Yai lilikuwa limevaa nguo. Wale waliokuwa wakigonga wakarushwa mbali.

Mueni aliinua kichwa.

"Umeona?" Mwanamina akamuuliza.

"Daktari, nani amelifunza?"

Mwanamina akacheka. "Hilo siwezi kukujibu hapa mezani. Hapa mezani tunauliza limefanyaje."

Mueni aliniambia kwamba toka siku ile hakuiogopa tena bahari. Aliingia mpaka kifuani akiwa na ndoo yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mayai hunatishwa kwenye kigae, kisha hupuliziwa maji kwa nguvu mpaka tumbo lote la yai lioshwe liondoke. Hubaki kipande cha ngozi tu, na upande wa ndani wa ngozi hiyo vile vifuko bado vimeng'ang'ania, kama magamba ya samaki. Ukivitilia kalsiamu kidogo, ile iliyomo kwenye chokaa na mifupa, vinafunguka vyote na kutoweka. Hayo yalikuwa yakijulikana. Mwanamina alitaka zaidi. Alitaka kuvibandua vifuko, avioshe, kisha avirudishe juu ya ngozi nyingine tupu, na aone kama bado vinajua kuungana. Vikijua, basi siri haimo tumboni mwa yai. Imo kwenye zile tando mbili zenyewe, na mtu anaweza kuzichukua tando hizo akaziuliza.

Haikuwezekana. Kila walipovirudisha vifuko, vilikuwa vimekwisha pasuka kabla ya kutiwa chochote. Wakabadili joto, wakabadili viumbe, wakaagiza dawa mpya. Mwaka 1984 ukaingia, mwaka wa ukame, kisima cha nyumba kikashuka mpaka kamba ikaongezwa, na vifuko vikazidi kupasuka. Mueni alianza kuamka na uzito. Mwanamina aliacha kuimba alipokuwa akiosha vyombo.

Wakati huo ndipo Tima alipomleta baba yao. Kisukari kilikuwa kimeyafika macho. Ilibidi ahudhurie kliniki Kilifi, na Kuruwitu ni karibu kuliko Mambrui.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sogea hapa kwenye mwanga." Akamshika uso kwa mikono miwili. "Umekonda. Au ni ukungu wa macho yangu?"

"Ni ukungu, baba."

"Muongo wewe."

Fundi Farjallah akapewa chumba cha upande wa barabara. Chupa zake za insulini zikakaa kwenye jokofu lile lile la kemikali, rafu ya juu, peke yake. Mwanamina alimdunga mwenyewe kila asubuhi. Mzee alikuwa bado akiona rangi na maumbo makubwa, na alitaka sana kuiona hiyo kazi ya binti yake. Mwanamina alimwambia, "Ngoja ikubali kwanza, baba. Sitaki nikuonyeshe mshono uliofumuka." Mzee akakubali. Neno hilo Mwanamina alikuja kulijutia.

Siku moja alikuwa akisugua birika la chai, maana mzee alikuwa amelalamika kwamba chai ina ladha ya ukuta. Aliingiza mkono, na ndani ya birika yakabanduka magamba meupe, magumu, yakamjaa kiganjani. Mueni alikuwa mlangoni akimtazama. Mwanamina akayapeleka kwenye mwanga, akayageuza.

"Mueni," akasema, "hii ni nini?"

"Si chokaa ya kisima tu?"

"Chokaa. Kisima chetu kimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake ni jiwe lililoyeyuka. Na vyombo vyetu vya maabara tunasuuza kwa maji gani?"

Mueni akajishika kichwa. Maji ya kazi yenyewe walikuwa wakiletewa safi kutoka Nairobi. Lakini vyombo viliogeshwa kwanza kwa maji ya kisima ili maji safi yasiishe, na kila kioo kilikuwa kimebaki na ngozi ya kalsiamu isiyoonekana. Walikuwa wakivipa vifuko amri ya kufunguka bila wao kujua. Na vifuko, masikini, vilikuwa vikitii.

Mwanamina akaketi sakafuni, birika mapajani, akaanza kucheka, na cheko lake lilimtoa baba yake chumbani akipapasa ukuta.

"Kuna nini humu?"

"Chai yako, baba. Chai yako na vifuko vyangu vina ugonjwa mmoja."

Waliamua kutupa kila chombo cha kioo wawezacho kukikosa, wanunue vya plastiki Mombasa, na vyote visioshwe ila kwa maji ya mvua. Lakini mvua yenyewe haikuwepo. Masika yalipokuja hatimaye, mwaka 1985, yalikuja kwa kishindo. Mueni na Mwanamina walitoa mabeseni yote uani, mbali na paa, ili maji yatoke mbinguni moja kwa moja. Kanze akapita akawaona wamesimama katikati ya mabeseni, wamelowa chapa, wanashangilia. Hakuuliza. Alikwenda kwake akarudi na sufuria tatu zaidi, akazipanga mwisho wa mstari.

Wakati wa kungoja mvua, macho ya Fundi Farjallah yalifunga. Ilikuwa kidogo kidogo, kisha siku moja akamuuliza Tima, aliyekuja kumtazama, mbona hawajafungua madirisha. Yalikuwa wazi.

Jaribio lilikubali baada ya mvua hizo, asubuhi, jua likiwa limeingia vizuri kwenye kioo cha hadubini. Walikuwa wamevibandua vifuko, wamevikosha, wamevirudisha juu ya ngozi tupu ya mayai mengine. Vilikaa. Wakavitazama kwa zamu, havikupasuka. Vilikaa pale vimetulia, kila kimoja kimepata mahali pake. Mwanamina akachukua tone la kalsiamu akaligusisha ukingoni mwa kigae.

Mueni ndiye aliyekuwa kwenye jicho la hadubini. Anasema lilikuwa kama upepo uliopita juu ya majani: vifuko vikaanza kutoweka upande mmoja, na kutoweka kukatembea, mpaka kigae kizima kikawa kitupu. Na rangi waliyoitia ndani ya vifuko ikaonyesha shehena imetokea upande wa pili wa utando, upande wa nje, pale pale ambapo ingetokea kwenye yai zima. Havikupasuka. Viliungana. Seli haikuwepo tena, yai lilikwisha oshwa na kumwagwa, na bado tando mbili zisizowahi kukutana zilijua la kufanya.

Walirudia mchana ule wote. Kila mara ikawa hivyo. Jua lilipoondoka kiooni, Mueni akamnyang'anya Mwanamina sindano.

Jioni Mwanamina akaenda kukaa kitandani kwa baba yake.

"Imekubali, baba. Na mimi nimekuchelewesha. Nilisema nitakuonyesha."

"Nionyeshe basi."

"Baba..."

"Una mdomo. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Alimweleza kuanzia bahari, kuanzia kiumbe mwenyewe na nyuzi za mayai zinavyoshuka. Hakutumia neno hata moja la kigeni. Mueni, aliyekuwa ukumbini, aliacha kazi akaketi kusikiliza, ingawa yote hayo aliyajua. Mzee alimsikiliza binti yake ameinamisha kichwa, vidole vyake vikienda na kurudi kwenye pindo la shuka, kama anayetafuta mshono.

"Ziko mbili," akasema.

"Mbili."

"Zinakuwa moja. Hapo zinapoungana, pembeni hapavuji?"

"Hapavuji."

"Na uzi?"

"Hatujauona uzi, baba. Labda upo, ni mdogo kuliko tuwezavyo kuona. Hilo ndilo tunalolitafuta sasa."

Mzee akaliacha pindo la shuka. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na ndani yangu mimi? Kuna hivyo?"

"Kuna, baba. Kongosho lako limefanya hivyo toka siku uliyozaliwa. Sasa seli zake nyingi zimechoka, ndiyo maana nakudunga. Lakini si huko tu. Sasa hivi unavyoukunja mkono wako, vifuko vinafunguka. Unavyonisikia, vinafunguka."

"Subhanallah," akasema Fundi Farjallah. Aliuinua mkono wake mbele ya uso ambao haukuuona, akakunja vidole, akavikunjua, akavikunja tena. "Nimekaa kwenye cherehani maisha yangu yote nikidhani ndani ya nyumba ile fundi ni mimi."

Mwanamina akaweka kichwa begani mwa baba yake. Mueni akaondoka polepole akaenda kusimama nje.

Kazi ile ilichapishwa, na watu wa mbali waliirudia wakaiona ni kweli. Mwanamina aliitwa ng'ambo kuieleza, akaieleza, na maabara moja kubwa huko ikamtaka abaki. Aliwaambia viumbe wake hawapandi ndege. Fundi Farjallah alirudi Mambrui. Huko msikitini, baada ya swala ya alasiri, alikuwa akiwaeleza wazee wenziwe habari za milango isiyovuja, na wako waliochoka naye kama walivyochoka zamani kuonyeshwa kanzu nje ndani. Alifariki mwaka 1987, usingizini. Mwanamina alikaa eda ya moyo wake kwa muda mrefu, halafu akarudi mezani.

Mwaka uliofuata Mueni akaleta wazo lake mwenyewe. Kwenye miamba ile kuna viumbe wa miiba wa aina nyingi, na aina mbili kati ya hizo, wale wa miiba mirefu myeusi na wale wa miiba mifupi, hawana udugu wa karibu kabisa. Walikwisha achana njia zamani mno, kabla ya kuwepo mtu wa kuwatazama. Mueni alitaka kuchukua vifuko vya hawa na kuviweka juu ya ngozi ya wale.

"Havitaungana," Mwanamina akasema. "Lakini jaribu. Usilolijaribu hulijui."

Mueni akaandaa. Safari hii yeye ndiye aliyedondosha kalsiamu, na Mwanamina ndiye aliyeinama. Alikaa ameinama muda mrefu hata Mueni akadhani hakuna kitu.

"Daktari?"

Mwanamina aliinuka, uso umembadilika.

"Vimekwenda," akasema. "Vyote. Tazama mwenyewe."

Mueni akatazama. Kigae kilikuwa kitupu, na rangi imelala upande wa pili.

Waliketi meza moja. Nje watoto wa Kanze walikuwa wakigombania mpira. Hatimaye Mwanamina akasema, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, "Basi ni ya kale kuliko miiba yenyewe, Mueni. Kabla hawa hawajawa hawa, na wale hawajawa wale, njia hii ilikuwepo. Nao wakaondoka nayo, kila mmoja na yake, na haijabadilika."

"Na sisi?" Mueni akauliza. "Sisi tumeondoka na ipi?"

Mwanamina akainuka. Alifungua dirisha akatazama nje. Maji yalikuwa yameanza kukupwa. Akachukua ndoo, Mueni akachukua nyingine, wakashuka pamoja kwenda kutafuta wa aina ya tatu.